Mbio za Mwamuzi Bjerke

Katika mji wetu wa Norvik, Minnesota, mwamuzi wa besiboli huzomewa hata kanisani. Sitii chumvi. Lyle Bjerke aliposimama kusoma neno siku ya Jumapili, palikuwa na mzee wa safu ya nyuma aliyeguna kila aya ilipokwisha, na mchungaji hakuwahi kumkanya, maana mchungaji naye alikuwepo uwanjani mwaka ule.

Mwaka ule ni wa fainali ya jimbo. Timu yetu, Mabata Bukini, ilikuwa nyuma kwa pointi moja na mchezo unaelekea kwisha. Dale Hruska alikuwa anatoka kituo cha tatu kuja nyumbani, yaani kile kibao cheupe ambacho mkimbiaji huanzia, na ambacho lazima akiguse tena baada ya kuzunguka vituo vyote ndipo pointi ihesabiwe. Alijitupa kifudifudi, vumbi likapaa, mdakaji akamgusa na mpira, na Lyle akainua ngumi. Nje, yaani kaguswa kabla hajafika, na pointi hakuna. Mechi ikaishia hapo. Dale anasema mkono wake ulitangulia. Mji mzima unasema hivyo hivyo, wakiwemo watu ambao siku ile walikuwa bado hawajazaliwa.

Lyle hakujieleza. Aliendelea kuamua mechi zetu miaka na miaka, akizomewa kila wiki, akivua koti lake jeusi mechi ikiisha na kwenda zake bila kunywa hata kahawa ya mtu. Mkewe akafa. Kisukari kikamla mguu wa kulia, akahamia makao ya wazee nyuma ya hospitali. Kisha mwaka huu, mwezi wa tano, tukasikia makao yale yanafungwa mwisho wa Agosti, na wazee wote watapelekwa Duluth, mwendo wa saa tatu kwa gari.

Binti yake, Kirsten, ni mpishi wa shule. Alitaka kumchukua baba yake kwake, lakini nyumba yake ni ya kizamani: ngazi za mbao mlangoni, ngazi nyingine ndani, na bafu liko juu. Kiti cha magurudumu hakiingii hata sebuleni. Ilihitajika njia ya mteremko badala ya zile ngazi za mlangoni, na bafu lijengwe chini, na vyote viwe tayari kabla ya Agosti kwisha. La sivyo, Duluth. Kirsten alijua, na sisi tulijua, kwamba mzee wa namna ile ukimpeleka Duluth umempeleka akafie kati ya watu wasiojua hata kumchukia.

Basi akaja kwenye kikao chetu. Chama cha mashabiki wa Mabata Bukini hukutana kwenye ukumbi wa bia wa Marge Kubiak, ambaye ndiye mwenyekiti, na ambaye soseji zake zimewahi kuokoa msimu ambao timu haikuweza. Mimi ni Orrin Tvedt, mtangazaji wa uwanja; siku za kazi nauza bima ya mazao. Kila mwaka, mwezi wa saba, chama huandaa mbio za hisani. Tumewakimbilia watoto wagonjwa, tumekimbilia paa la maktaba, mwaka mmoja tulimkimbilia farasi. Kirsten alisimama karibu na mlango, hakukaa, akasema anaomba mbio za mwaka huu ziwe za baba yake.



"Mwamuzi," alisema Dale Hruska kutoka kwenye kona yake. "Tumkimbilie mwamuzi. Mimi nilishamkimbilia mara moja, nikaambiwa sikufika."

"Dale, kunywa bia yako," Marge alimwambia.

"Nakunywa. Nauliza tu. Farasi sawa, farasi hakuniita nje."

Watu walicheka, na Kirsten akatazama viatu vyake. Dale si mtu mbaya. Ana duka la mbao na misumari, hukopesha nusu ya mji, na hajawahi kumdai mjane. Lakini lile jambo la fainali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kitabu cha sheria za besiboli amekisoma kuliko Biblia, akitafuta pa kumbana Lyle, na wakati wote huo hawajawahi kusalimiana.

Marge aliweka glasi chini. "Mimi nauliza swali moja," alisema. "Akienda Duluth, Jumapili tutamzomea nani? Yule kijana anayeamua mechi sasa? Ukimzomea yule analia."

Hiyo ndiyo iliyowashinda watu. Mikono ikainuliwa, hata wa Dale, ingawa wa kwake aliuinua kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Kuna jambo jingine," Kirsten alisema. "Baba hatakubali."

Na kweli hakukubali. Tulikwenda kumwona, mimi na Marge. Tulimkuta dirishani, amenyolewa vizuri, shuka juu ya mapaja. Alitukaribisha viti. Hakutukaribisha kahawa, nadhani kwa kuogopa kwamba siku moja tungetaka kuirudisha.

"Mwamuzi hapokei kitu kwa mashabiki," alisema. "Hata peremende."

"Lyle, wewe umestaafu," Marge alisema.

"Mguu ndio umestaafu."

"Mzee wangu, hebu kuwa na akili. Mwanao hana raha. Kila siku anapima ule mlango kama atakuta umepanuka."

"Nawashukuru. Nitakwenda Duluth."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja matokeo. Mimi uvumilivu wangu ni mfupi, nami nilikuwa nimeacha wateja wawili ofisini, kwa hiyo nilisema lililonijia kwanza: kwamba mbio zetu hazijawahi kuwa na mwamuzi, na kwamba kila mwaka kuna watu wanaokata kona nyuma ya benki. Tungemwajiri. Mapato ya siku ile ndiyo yangekuwa ujira wake.

Ujira ni kitu kingine kabisa, na Lyle alilijua hilo kuliko mimi.

"Mwamuzi hulipwa na pande zote mbili," alisema. "Hapa pande mbili ni zipi?"

Marge alinitangulia kujibu. "Wanaokupenda na wasiokupenda."

"Upande mmoja utakuwa na mtu mmoja."

"Na mimi," Marge alisema. "Tuko wawili."

Akakubali, kwa masharti. Angekaa nyuma ya kibao cha nyumbani, mwisho wa mbio, na kila mkimbiaji angeamuliwa na yeye. Akisema salama, yaani amefika, ni salama. Akisema nje, ni nje, na asije mtu kumshika mkono kwa sababu ya huruma. Marge alimpa mkono wa makubaliano, naye akaupokea, na hilo peke yake lilikuwa habari ya mji kwa wiki nzima.

Dale aliposikia, alikuja ofisini kwangu na kofia mkononi. "Mimi nakimbia," alisema.

"Una goti bovu."

"Goti langu mimi. Nataka akae pale, na macho yake mawili, anione nikigusa kile kibao. Aseme salama. Aniambie mimi, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Nikishapata hilo sina shida naye tena."

"Na akikuita nje?"

"Kwa kosa gani? Nitafuata kila kitu. Hatapata hata nywele ya kunishikia."

Tangu siku hiyo tulikuwa tunamwona alfajiri akiizunguka njia ya mbio peke yake, goti limefungwa bendeji, akihesabu kona.

Maandalizi yenyewe sitayasimulia yote. Anayetaka kuchukiana na jirani zake aandae mbio. La maana ni mambo mawili. La kwanza ni wenye maduka. Desturi yetu ni kwamba kila mwenye duka huahidi kiasi fulani kwa kila mkimbiaji atakayefika. Mwaka huu Hollis Amdahl, muuza mbegu, ambaye ndiye mtoaji wetu mkubwa na pia ndiye bahili wetu mkubwa, alisema atatoa kwa kila atakayeitwa salama na mwamuzi, si mwingine. Alimjua Lyle. Alitegemea nusu ya watu waitwe nje. Wenzake walipomsikia nao wakasema hivyo hivyo, maana ubahili huambukiza kuliko mafua.

La pili ni njia. Miaka yote mbio hutokea nyumbani, hupita lango la kulia, nyuma ya kituo cha kwanza, huzunguka mji na kurudi kwa lango la kushoto. Mwaka huu sherifu alikataa. Zimamoto wamehamishia gari la wagonjwa karibu na lango la kulia, na hakutaka umati mzima umwagike pale kwa pamoja. Tutokee kushoto, akasema, tupite kando ya mto, tuzunguke maghala ya nafaka, turudi kwa barabara kuu na kuingilia kulia tukiwa tumeshatawanyika. Tulikubali. Nikabandika mishale. Marge na watu wake wakaweka njiani vituo vitatu vya turubai vilivyojazwa mchanga, kila kimoja na namba yake, ili watu waviguse kama mchezoni. Wakavipanga kama vilivyo uwanjani: cha kwanza nje ya lango la kulia, cha pili mbali kwenye maghala, cha tatu upande wa kushoto, mtoni. Nilipita na gari kuvikagua, nikasema safi.

Siku ikafika, Jumamosi yenye jua na upepo kidogo. Watu walijaa kuliko mwaka wa farasi. Lyle aliletwa na Kirsten, amevaa koti lake jeusi na kofia ya kazi, akasukumwa mpaka nyuma ya kibao, na umati ukamzomea vizuri sana, kwa sauti ndefu iliyopanda na kushuka. Alirekebisha kofia. Kirsten alikuwa amevaa namba ya kukimbia kifuani, uso umemkakamaa. Alikuwa ameshaongea na mafundi, wamemwambia wakianza wiki ijayo wataimaliza kazi kabla ya Agosti kwisha, wakichelewa wiki moja hawana nafasi tena mpaka vuli.

Lyle akaomba kipaza sauti. "Vituo vinaguswa kwa zamu yake," alisema. "Asiyegusa yuko nje." Akakirudisha. Ndiyo hotuba yake yote.

Mimi nikapanda kibandani kwangu nikatangaza njia. Tunatokea kushoto. Nikarudia: kushoto, lango la nyuma ya kituo cha tatu. Nikarudia tena, kwa sababu nawafahamu. Wote walikuwa wamejipanga nyuma ya nyumbani, na wote walitikisa kichwa kwamba wamesikia, mchungaji akiwa mbele na kaptura isiyomfaa.

Kosa lilianzia kwa Marge, ingawa yeye anasema lilianzia kwa sherifu. Badala ya filimbi alitaka mbio zianzishwe kwa gongo la kupigia mpira. Kocha angepiga mpira mmoja kwa nguvu kuelekea uwanjani, na mlio ule uwe ndiyo ishara. Wazo zuri. Kocha akasimama, akarushiwa mpira, akaupiga katikati kabisa ya gongo, na mlio wake ulikwenda mpaka mtoni.

Sasa fikiria watu ambao tangu wakiwa na miaka mitano wamefundishwa kwamba ukisikia mlio ule, na miguu yako iko nyumbani, unakimbilia kituo cha kwanza. Hakuna anayefikiri. Kituo cha kwanza kiko kulia. Mji mzima wa Norvik ukageuka kulia kama kundi la kondoo lililoona jani, na akina mama wenye vigari vya watoto, na mbwa, na mchungaji, na Marge mwenyewe, na Kirsten. Walipita lango la kulia kwa kishindo, mbele ya gari la wagonjwa, na naibu wa sherifu aliyekuwa amesimamisha magari upande wa mto akaonekana akikatiza mji mbio huku ameshika kofia.

"Kushoto jamani," nilikuwa nasema kwenye kipaza sauti. "Kushoto. Mkono mnaolia chakula ni upi? Basi ule mwingine."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekwenda kushoto. Dale Hruska. Alikuwa ameizunguka njia ile alfajiri zote, amejiapiza kutompa Lyle nafasi, na hata gongo halikumtoa kwenye kiapo chake. Alipita lango la kituo cha tatu peke yake, akichechemea, mikono imebana mbavuni.

Walikutana kwenye maghala ya nafaka. Haya nimesimuliwa na Marge. Walimwona Dale anakuja mbele yao, mwekundu kama nyanya, na kila upande ukadhani mwingine umerukwa na akili.

"Nyie mnakwenda wapi?" Dale aliwauliza.

"We ndiye unakwenda wapi?" Marge alimjibu. "Mji mzima uko huku."

"Mji mzima umepotea. Mishale hamuioni?"

Hapo ndipo walipoiona mishale, yote inawatazama wao. Kirsten alisimama, akashika kichwa. Marge anasema alimsikia akitaja jina la baba yake. Lakini nusu ya njia ilikuwa imeshakwisha na kituo cha pili wameshakigusa, na kurudi nyuma kungekuwa wazimu juu ya wazimu, kwa hiyo wakaendelea, Dale huku na wao kule.

Waliotangulia kurudi walikuwa vijana wa shule, wakiingilia lango la kushoto. Wa kwanza akagusa kibao, akamtazama Lyle, akangoja. Lyle hakusema kitu. Mikono ilikuwa juu ya mapaja. Wa pili akagusa, wa tatu, kumi, wakafuata wazima wakipumua kama mashine mbovu. Kila mmoja akagusa, akangoja, hakupewa neno. Nilishuka kibandani. Watu walijazana pale nyumbani wakinong'ona, jasho linawatoka, soseji zinaungua bila mtu wa kuzigeuza. Hollis Amdahl alisimama pembeni amekunja mikono.

"Lyle," nilimwambia, "watu wanangoja."

"Kuna mkimbiaji bado yuko njiani," alijibu.

Dale aliingia kwa lango la kulia. Goti lilikuwa limeshakufa. Alikuwa anakimbia kwa mguu mmoja na hasira. Watu wakamfungulia njia. Hatua chache kabla ya kufika alijitupa kifudifudi, kama siku ile ile, akateleza vumbini akakikumbatia kibao kwa mikono miwili.

Lyle aliinama mbele ya kiti chake akatazama. Kisha akatandaza mikono.

"Salama," alisema.

Dale hakuinuka. Alilala pale shavu limegusa raba nyeupe, amefumba macho, na uso wake ulikuwa na furaha tupu, furaha ya mtoto. Nakiri kwamba nilimfurahia. Mtu angoje neno moja nusu ya maisha yake na alipate, si jambo dogo.

Halafu Lyle akainua ngumi kwa wote waliobaki. "Wengine wote, nje. Mlitangaziwa kushoto, mkaenda kulia."

Mzomeo uliofuata haukuwa wa mchezo. Kulikuwa na watu waliokasirika kweli. Kirsten alipita kati yao mpaka kwenye kiti cha baba yake.

"Baba, unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Ni Duluth, baba."

"Najua kuwa ni Duluth. Kila ninayemwita salama analipiwa, na malipo ni yangu. Nikiwasamehe hawa nitakuwa nimejilipa mwenyewe."

Kirsten aliweka mkono kwenye bega la koti lile jeusi na kuuacha pale, na machozi yakawa yanamtoka bila kuyafuta. Mimi nilimkasirikia Lyle. Nasema wazi. Nilitamani mtu amsukume na kiti chake mpaka mtoni.

"Mwamuzi kaamua," alisema Hollis Amdahl kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. "Aliye salama ni mmoja. Changu nitakileta Jumatatu."

Nadhani sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha Dale. Alijiinua akakaa palepale juu ya kibao. Akamtazama Amdahl. Akamtazama Kirsten, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akafuta vumbi mdomoni.

"Nina rufaa," alisema.

Katika besiboli yako makosa ambayo mwamuzi huyaona na kunyamaza, mpaka mtu wa uwanjani akate rufaa. Mkimbiaji kukosea vituo ni mojawapo. Rufaa ikikatwa, mwamuzi hana budi kuisikiliza.

"Juu ya nani?" Lyle aliuliza.

"Juu ya mkimbiaji Hruska."

"Hruska ni wewe."

"Namfahamu," Dale alisema. "Amegusa cha tatu, kisha cha pili, kisha cha kwanza. Mkia ndio umekuwa kichwa. Wewe umesema kwa mdomo wako, na kipaza sauti mkononi, vituo vinaguswa kwa zamu yake."

Nilivikagua mwenyewe vile vituo. Aliyefuata mishale yangu alikuwa akikutana na cha tatu mwanzo na cha kwanza mwisho, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo.

"Njia ilitangazwa," Lyle alisema.

"Alitangaza Orrin. Tangu lini Orrin akawa sheria? Juzi alitangaza mvua haitanyesha tukarudi na magoti ya tope. Mtangazaji hachezi, mtangazaji anaongea tu."

Watu walinigeukia.

"Hawa," Dale aliendelea, akionyesha umati, "wamegusa cha kwanza, cha pili, cha tatu, wakaja nyumbani. Kama ulivyoagiza. Ukiniacha mimi salama na wao nje, basi sema besiboli inachezwa kinyumenyume, tuijue."

"Nikikubali rufaa hii," Lyle alisema polepole, "watu wataona nani anafaidika."

"Wewe unafaidika. Ndiyo maana umetunyima. Umeogopa mtu asije akasema Lyle kajipendelea, ukaamua kwa uoga." Dale alikuwa bado amekaa chini, wanatazamana uso kwa uso. "Nimekuita kipofu. Nimekuita mwizi, na mbuzi, na siku moja mbele ya mama yangu nilikuita kitu ambacho mama hakukijua. Mwoga sijawahi kukuita. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Lyle alikuwa amebana midomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alionekana mzee.

"Kinyozi hajinyoi, Lyle," alisema Marge taratibu. "Acha mwenzio akunyoe."

Lyle akavuta pumzi. "Kuna shahidi kwamba amegusa kinyume?"

"Mji mzima," Marge alisema. "Tulipishana naye kwenye maghala akatutukana."

"Basi ondoka kwenye kibao," Lyle alimwambia Dale.

Dale alisimama, kwa shida, kwa goti moja. Alilijua linalokuja, amelitafuta mwenyewe, na bado alikitazama kibao kama mtu anayeaga. Lyle akainua ngumi, juu, kama alivyoiinua siku ile, wala hakuipunguza hata kidogo kwa ajili ya huruma.

"Hruska, nje."

Kisha akatandaza mikono miwili kwa wengine wote. "Salama."

Amdahl alikunjua mikono yake akaonekana ghafla hana pa kuiweka. Marge akaweka viganja mdomoni akaanza kuzomea. Tukamzomea Lyle Bjerke. Tulimzomea kwa kumwita nje Dale Hruska mara ya pili, tulimzomea kwa mapafu yote, wazee na watoto na mchungaji, na Kirsten akizomea kuliko sisi wote huku analia, ameshika kiti cha baba yake kwa mikono miwili. Mimi nilizomea kwenye kipaza sauti, kinyume na kanuni za kazi yangu.

Sauti zilipopungua, Lyle alimwita Dale asogee.

"Mchezaji akijitoa ili wenzake wafike nyumbani," alisema, "haandikiwi vibaya."

"Najua. Nimekisoma hicho kitabu."

"Nasema tu."

Dale alikuna shingo. "Na ile ya zamani?"

"Ile ulikuwa nje."

Dale alimkodolea macho. Halafu akarudisha nyuma mguu wake mzima akapiga teke vumbi, kama wafanyavyo wachezaji wanaobishana na mwamuzi, na vumbi likamfunika Lyle kiatu, kile kimoja alichonacho.

"Toka uwanjani mwangu," Lyle alisema, akimwonyesha kidole lango.

"Natoka. Nakwenda kung'oa zile ngazi za mlangoni kwa Kirsten," alisema Dale, akaanza kuchechemea kuelekea gari lake, na Kirsten akamkimbilia kumpa ufunguo wa nyumba.